Herufi Tatu Mwishoni mwa Mstari

Nilikuwa na miaka minane, nimekaa mkekani
darasani kwa Rebi Khlafo, Hara Kubwa, kisiwani Jerba,
kidole kikifuata Zaburi ya tatu,
kikajikwaa.
Sameki, lamedi, he.
Sela.
Maneno mengine yote yalikuwa na kazi:
huyu anamkimbia mwanawe, huyu analala na kuamka salama.
Hili lilikaa pembeni tu
kama mgeni wa arusi asiyejulikana ni wa upande gani.

"Maana yake jabali," nikaropoka, nionekane.
Rebi akagonga meza, vumbi la chaki likaruka.
"Jabali lina ayini mwishoni, ewe Khamus.
Hili lina he. He ni pumzi.
Usinijengee nyumba juu ya pumzi."

Alhamisi alituambia ni kituo:
mwimbaji anyamaze, vinubi viendelee,
Walawi wameze mate.
Nikaandika: kituo.
Juma lililofuata akasema ni kuinua,
kwa kuwa mzizi wake ni ule wa barabara iliyonyanyuliwa kwa mawe.
Sauti ipande, au mikono, au macho; hakusema kipi.
Sikufuta la kwanza. Nikaandika la pili chini yake.
Tulipobaleghe akatuletea Wayahudi wa Iskanderia
walioligeuza Kiyunani zamani za zamani,
wakaweka neno lenye maana kama
"hapa katikati, vyombo."
Nao walikuwa wakibahatisha, akasema,
ila walibahatisha kwa adabu.

"Mara ngapi?" Sasi aliuliza, mpenda hesabu.
Sabini na moja ndani ya Zaburi. Tatu kwa nabii Habakuki.
Na hakuna hata moja inayojieleza.

Bibi yangu Mesauda hakujua kusoma.
Alikuwa akipasulia yai ndani ya briki, mafuta yakilalama,
nilipompelekea daftari lenye majibu matatu.
"Milele," akasema, hakugeuka.
Umejuaje?
"Baraka si huishia hapo: amina, sela?
Unadhani tunaomba afya mpaka Jumatano?"
Nikampelekea Rebi. Alicheka hata akavua miwani:
watafsiri wa Kiaramu walisema vivyo hivyo,
na maskini hawakuwahi kuionja briki yake.

Sasa nina karakana ya fedha, uchochoro wa nyuma ya sinagogi,
mlango wa buluu, samaki amechorwa juu yake dhidi ya husuda.
Ijumaa iliyopita akaja binti wa Khmaisa,
anayehamia Marseille, na bangili mkononi.
"Niandikie Sela. Ila kwanza niambie maana,
nisije nikavaa tusi."

Rebi amefariki miaka kumi na moja.
Sikuwa na wa kumsukumia swali.
Nikajifanya nina haraka, nikaanza kuchora.
Sameki ni duara, haisumbui.
Lamedi ina shingo ndefu, inachungulia juu ya paa la jirani.
He ndiyo mtihani: mguu wake wa kushoto haugusi dari.
Ukifika pale huna budi kuinua chuma,
ungoje, ukishushe ng'ambo ya upenyo
ulio mdogo kuliko punje ya ufuta.
Ukiuziba, umeandika herufi nyingine.

Nikafika pale. Mkono ukainuka.
Na juu ya mapaa baragumu la kuikaribisha Sabato likalia,
refu, lenye mikwaruzo, likasita
kama anayelipiga amekumbuka jambo,
likalia tena.

"Basi?" akauliza. "Maana yake?"

Nikalaza chuma mezani.
Nikaifunika bangili kwa kitambaa, he ikiwa na mguu mmoja.
Mtaani watu walikuwa wakiteremsha milango ya maduka,
mtoto akipita mbio na mkate chini ya kwapa.

"Njoo Jumapili," nikamwambia.